Nukta Mbili za Évariste

Usiku ule sikuzima taa. Mafuta yalikuwa machache, nikapunguza utambi mpaka moto ukawa kama punje ya mahindi, nikakaa kwenye kiti cha Évariste karibu na mlango, nikisikiliza barabara. Mchana Marie-Jeanne alikuwa ameniambia sokoni: "Mama, nitaongea naye leo magaribi. Akikubali, nitakuja mimi mwenyewe kukuambia. Usilale." Sikulala. Hakuja.

Habari niliyoingojea ilikuwa moja. Mwanangu Évariste alikuwa gerezani siku ya kumi na moja, na asubuhi, saa mbili, boti ya Serikali ingempeleka Opala, mbali kabisa kwenye mto Lomami, akakae huko bila kujua mwisho wake. Wanaita relegasyo. Mtu hahukumiwi mwaka wala mwezi: anapelekwa tu, anakaa mpaka Serikali imkumbuke. Mzungu wa ofisi alikuwa ameacha njia moja. Mtu mwenye karte aje kabla ya boti kuondoka, aseme kwa kinywa chake kwamba yeye pia alikuwa katika yale masomo ya Évariste, na kwamba yalikuwa masomo tu. Mtu wa namna hiyo alikuwa mmoja katika mji mzima. Jina lake Cyprien, mume wa Marie-Jeanne.

Karte ninayosema ni ile ambayo Serikali inampa mtu mweusi ikisha kuhakikisha kwamba anaishi kama wazungu wanavyotaka. Wanakuja nyumbani, wanafungua kabati, wanahesabu uma na visu, wanainua shuka za kitanda. Cyprien aliipata mwaka wa hamsini na tatu. Neno la mtu mwenye karte linasikika. Neno la mama wa mtaa wa Mangobo anayeuza mboga halisikiki, nami nilikuwa nimekwisha kulijaribu.

Nataka kueleza mwanangu alikuwa mtu gani, kwa sababu katika karatasi zao wameandika mengi juu yake na hakuna hata moja linalofanana naye.

Mimi ni mtu wa Kasongo, huko Maniema. Nililetwa huku na mjomba wangu aliyekuwa mpishi wa wazungu wa reli, nikasoma miaka miwili kwa masista, kisha nikaolewa na mvuvi wa Yanonge, Daudi, ambaye pia alikuwa mpigaji wa lokole, ile ngoma ya gogo la mti inayopeleka maneno kutoka kijiji mpaka kijiji kando ya mto. Évariste alizaliwa huko mwaka wa thelathini na moja. Mpaka miaka mitano alikuwa hasemi. Akifungua kinywa, neno lilikwama kwenye meno, shingo ikamvimba, machozi yakamtoka. Wanawake wa ukweni walisema nilikula nyama niliyokatazwa wakati wa mimba. Sikula chochote. Lakini nilianza kumwangalia mtoto yule kila dakika, na tabia ya kuangalia haikunitoka tena.

Baba yake hakumpeleka kwa waganga. Alimweka kwenye mapaja mbele ya lokole. Ngoma ile ina sauti mbili tu, ya kike na ya kiume, na maneno mengi yanalingana kwa sauti hizo. Kwa hiyo mpigaji haachi neno uchi. Akipiga "mwezi" peke yake, watu wa ng'ambo wataweza kusikia kitu kingine kabisa. Anasema jambo lake, kisha analifuatisha na usemi mzima wa kulifungua, na hapo hakuna anayekosea. Mtoto alisikiliza mwaka mzima. Siku moja Daudi alirudi kutoka mtoni, na Évariste akagonga paja lake kwa vidole viwili, taratibu, kama anapiga ngoma, akasema: "Baba amerudi." Akagonga mara mbili. "Hana samaki."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kamili duniani. Daudi alicheka mpaka akakaa chini kwenye matope na wavu wake mtupu.

Tangu siku hiyo alisema hivyo. Jambo moja zima, vidole viwili kwenye paja, kisha jambo la pili. Ukimwacha agonge, hakuna aliyemshinda kwa kueleza. Ukimharakisha, au ukimshika mkono, anakuwa bubu.

Daudi alikufa wakati wa vita, msituni, walipokuwa wanapelekwa kutafuta utomvu wa mpira. Waliniletea kisu chake na kofia. Évariste alikuwa na miaka kumi na miwili. Wamisionari Waprotestanti walimchukua shuleni, na kwa kuwa kusema kulikuwa kazi, walimfundisha mashini ya kuandika. Mashini ilimpenda. Nadhani ni kwa sababu nayo inagongwa kwa vidole. Mwaka wa arobaini na tisa tulihamia mjini, akapata kazi ya kupiga barua katika nyumba moja ya biashara iliyokuwa inapeleka bidhaa kwa barabara mpaka Uganda. Barua za Kampala zilikuwa za Kiingereza. Bwana wake alimwambia kwamba siku atakapoweza kuzipiga bila mtu wa kuzisahihisha, atakuwa karani wa kwanza. Basi akaanza kujifunza kwa mamzele mmoja, nesi Mwingereza wa misheni, aliyempa kitabu na daftari. Mamzele huyo alirudi Ulaya kwa likizo mwishoni mwa mwaka wa hamsini na tano. Laiti angechelewa miezi miwili.

Évariste hakuwa mtu wa kula peke yake. Alipopata Kiingereza kidogo aliwaita wenzake wawili: Cyprien, karani wa ofisi nyingine, mtu wa kola nyeupe na maneno ya kupimwa, na Arthur, fundi wa baiskeli kutoka Yahuma, ambaye hakuwa na haja yoyote ya Kiingereza ila alipenda kucheka na watu. Walikutana kwetu kila Jumanne na Alhamisi baada ya kazi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mbu.

Nakumbuka vizuri jioni ya nukta mbili. Nilikuwa mlangoni nikichambua sombe, majani ya muhogo. Évariste alikuwa na sanduku tupu la sabuni juu ya magoti, kwa kuwa paja peke yake halikusikika na watu wengine.

"Waingereza hawaiweki alama hii popote tu," alisema, akagonga. "Mbele yake lazima iko sentensi nzima, yenye kusimama kwa miguu yake. Bon. Nikianguka nikikufa hapa kwenye nukta, mutu mwenye kunisikiliza atabaki na kitu kamili? Kama ndiyo, weka nukta mbili. Kama hapana, ondoa."

"Na kama haukufe?" Arthur akauliza.

"Kama sikufe, ninaendelea. Na sentensi ya nyuma inakuja kufungua ile ya mbele. Inasema sababu, ama inaonyesha ni kitu gani." Akasoma kutoka daftarini: "The river is high: nobody crosses today." Kisha akanigeukia mimi. "Mama, sikiliza. Mto umejaa." Akagonga sanduku mara mbili. "Hakuna mutu anavuka leo. Pale mbele, ulielewa kitu?"

"Nilielewa mto umejaa."

"Na nyuma?"

"Nyuma nimeelewa umejaa namna gani."

"Mnaona? Mama amefaulu. Hajui hata neno moja la Kiingereza, na amefaulu."

"Mimi pia," Arthur akasema, akanyang'anya sanduku. "Bibi yangu iko," akagonga kwa nguvu, "munene!"

Cyprien aliweka mikono kichwani. "Arthur, sentensi yako iko kilema! 'Bibi yangu iko.' Iko nini? Ukikufa pale, bibi yako atakulilia bila kujua kama ulitaka kusema iko munene ama iko mugonjwa."

"Ataninunia tu, hata nikikufa."

"Hiyo 'iko' haimalizi kitu," Évariste alisema, naye akicheka. "Huwezi kukata hapo. Sema: 'Bibi yangu amebadilika.' Hapo umesimama. Gonga. 'Amekuwa munene.'"

"Na nani atamwambia? Mwenye karte?" Arthur akamnyooshea Cyprien kidole. "Wewe watakuheshimu, mimi nitalala inje."

Walicheka mpaka Cyprien akafungua kola. Kisha Évariste akawatolea mtego. "'Mvua imenyesha usiku muzima: shangazi yangu iko Opala.' Nzuri?"

"Nzuri," akasema Arthur. "Zote mbili iko nzima."

"Iko nzima, lakini hazijuane. Shangazi hafungui mvua. Hapo unaweka nukta moja, alors kila mutu anaenda kwake. Weka hivi: 'Mvua imenyesha usiku muzima: barabara ya Buta imekatika.' Hizo iko ndugu."

Basi wakaanza mazoezi kwa Kiingereza. Ndivyo walivyofanya kila mara. Mmoja anasema sentensi ya mbele peke yake. Sanduku linagongwa mara mbili. Wote watatu wanajibu sentensi ya nyuma kwa pamoja, kwa sauti, mara nne, mara tano, mpaka ulimi uzoee. Mwanangu alikuwa anaongoza, na katika Kiingereza kile hakukwama hata mara moja. Nilikuwa nasikiliza na kushukuru Mungu, na papo hapo nikitazama njia.

Jirani yangu, Mama Delphine, alinikuta bombani wiki iliyofuata.

"Mama Évariste, kwako kumekuja ibada gani?"

"Ibada? Wanajifunza Kiingereza."

"Kwa ngoma?" Akaweka ndoo chini, akanisogelea. "Mimi ninasikia tu. Mumoja anasema, wanagonga, wengine wanaitikia. Dirisha imefungwa. Mama, wale watu wa Kitawala wanafanya vile vile. Na vitabu vyao, banasema, iko kwa Kiingereza. Walimukamata mutu kule Kabondo sababu ya kikaratasi kimoja."

Kitawala ilikuwa dini iliyokatazwa. Watu wake walisema siku inakuja ambapo wazungu hawatakuwa tena mabwana, na Serikali iliwasaka hata msituni. Sikulala vizuri kuanzia siku ile. Nilimwambia Évariste afungue madirisha. Akasema mbu. Nikamwambia waache sanduku. Akanitazama, akagonga paja: "Nikiacha kugonga, sitafundisha. Nitakaa kimya."

Angekuwa na baba, ningemwachia baba yake. Nilikuwa peke yangu na woga wangu, na mtu mwoga anatafuta mwenye nguvu wa kumwambia kwamba hakuna kitu. Nilifikiri hivi: jambo ambalo mwenyewe amelipeleka mbele ya wakubwa haliwezi kuitwa la siri. Kwetu mtu akimuua mnyama asiyemjua, anampeleka kwa mkubwa kabla ya kumla, asije akaambiwa ameiba. Ndivyo nilivyolelewa. Basi siku ya Jumatano nilifunga kitambaa changu cha kanisani, nikaenda kwa kapita, mkuu wa mtaa wetu, papa Édouard. Nilimkuta anakula.

"Papa kapita, nimekuja kuuliza tu. Kujifunza Kiingereza, Serikali imekataza?"

Aliacha kutafuna. "Nani anajifunza?"

Nikamwambia. Nilimwambia siku, saa, na kwamba madirisha yanafungwa kwa sababu ya mbu. Nilieleza sanduku la sabuni na kwa nini mwanangu anagonga. Kila nilipoongeza neno niliona moyo unapungua uzito. Nilimwambia hata kwamba mtu mwenye karte alikuwa pamoja nao, ili ajue ni kitu cha heshima.

"Umefanya vizuri, mama," kapita alisema. Akanawa mikono. "Mutu mwenye kuuliza hapotee."

Nilirudi nyumbani nimetulia kama mtu aliyetoka kuungama.

Walikuja kesho yake, Alhamisi, askari watatu, kapita nyuma yao akitazama paa la nyumba. Cyprien hakuwepo siku hiyo. Alituma neno kwamba mtoto wake ana homa. Walichukua kitabu, daftari, ubao mdogo, hata sanduku. Arthur alijaribu mzaha: "Mukubwa, sabuni yenyewe iliisha zamani." Wakampiga kofi moja, na sikumsikia tena akisema kitu. Baada ya siku tatu walimpakia kwenye lori la kumrudisha Yahuma, na akakatazwa kuingia mjini.

Évariste ndiye aliyeitwa kichwa cha mambo. Yaliyotokea ofisini niliyapata kwa Timothée, askari wa gereza, mtu wa Maniema kama mimi, ambaye alikuwa ananipokelea chakula. Alinivuta pembeni ya ukuta.

"Mama, mutoto wako angejiponya. Muzungu alimuuliza vizuri tu: 'Hii mikutano yenu ilikuwa ya nini?' Akafungua kinywa. Neno likakatala. Akaanza kugonga paja. Muzungu akaruka: 'Ile ile! Ile alama yao! Mikono!' Tukamufunga mikono nyuma, mama, ni amri. Alisimama vile robo saa. Mate inamutoka, jasho inamutoka, neno hapana. Muzungu akaandika kwamba anakatala kusema."

"Hukumwambia muzungu kwamba ni kigugumizi?"

"Mimi?" Timothée akatazama viatu vyake. "Mama, mimi iko askari."

Nilikwenda mwenyewe. Nilikaa kwenye veranda ya ofisi siku mbili. Siku ya tatu mzungu alitoka akanisikiliza akiwa amesimama, karani akimtafsiria. Hakuwa mtu wa kelele. Alisema kwamba kila mama wa mfungwa ana hadithi. Alisema mamzele wa misheni yuko Ulaya na barua inachukua wiki nyingi. Kisha akasema lile neno la karte: kapita alikuwa amemtajia kwamba kulikuwa na mtu wa namna hiyo katika kundi, lakini hakuna aliyejitokeza. Ajitokeze tu, alisema, na karatasi ya relegasyo ataichana mbele yangu.

Nilitoka pale nikikimbia, mwanamke wa umri wangu.

Cyprien hakuwa nyumbani siku hiyo. Hakuwa nyumbani siku iliyofuata. Mara ya tatu niliona baiskeli yake uani, nikaambiwa hayupo. Mwisho ndipo nikamkamata Marie-Jeanne sokoni, siku moja kabla ya boti, akaniahidi yale niliyosema mwanzo.

Siku zote hizo nilipeleka kikapu: lituma ya ndizi za kupondwa, makayabu, yaani samaki wa chumvi, mara moja kuku. Walikuwa wanamfungua mikono wakati wa kula. Évariste alipokea kupitia vyuma vya dirisha, akauliza kwanza kama mimi nimekula. Nilimuuliza kama wanampiga. Aligonga chuma kwa kidole. "Wananipiga," alisema. Akagonga tena. "Si kila siku." Sikumwambia habari ya kapita. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, na kila asubuhi nilimwangalia akila, nikasema kesho. Nilitaka kwanza atoke.

Jogoo wa kwanza alipowika sikungoja tena. Nilitia maji usoni, nikatoka.

Nyumba ya Cyprien ilikuwa ya matofali, yenye veranda, na mlango wa mbao uliopakwa rangi ya kijani. Ndani mwanga wa taa ulikuwa unaonekana chini ya mlango. Nikasimama kwenye kidaraja cha saruji cha kupandia mlangoni.

"Hodi."

Mwanga ulitikisika. Mtu alikuwa anatembea.

"Hodi, Marie-Jeanne. Ni mimi, Mama Évariste."

Hatua zilikuja mpaka mlangoni. Komeo halikuguswa. "Mama," sauti yake ilikuwa karibu kabisa na mbao, "rudi nyumbani."

"Ameamka?"

"Hakulala."

"Basi aje tu mpaka ofisini. Ofisi inafunguliwa saa moja. Aseme kwamba walikuwa wanajifunza. Nitatembea nyuma yake, hata hawatajua tuko pamoja."

"Kapita alikuja hapa juzi, mama. Alisema mwenye kukubali kwamba alikuwa mule ndani, karte yake itachukuliwa. Na nyumba hii ni ya karte. Tuko na watoto wane."

"Muzungu alisema vingine. Aliniambia mimi."

"Muzungu alikuambia wewe. Kapita aliambia sisi. Tumuamini nani?" Alivuta pumzi. "Nilimuomba, mama. Nilipiga magoti. Nilifikiri atakubali."

Kutoka mbali kidogo, chumba cha nyuma, nikasikia sauti ya Cyprien. "Mwambie si mimi nilimushtaki."

"Ninajua," nikasema. Nilisema kwa nguvu ili yamfikie. "Ninajua si wewe, Cyprien. Ni mimi."

Ilikuwa mara ya kwanza maneno yale kutoka kinywani mwangu, na niliyasema mbele ya mlango wa mtu uliofungwa.

"Mimi ndiye nilikwenda kwa kapita. Niliogopa, nikaenda kuuliza, nikasema yote. Kosa ni langu, nisaidie kulitengeneza. Évariste hajui. Atoke kwanza, kisha nitamwambia mwenyewe, anitukane, anifukuze, ni haki yake. Lakini atoke."

Marie-Jeanne alikuwa analia sasa. "Évariste anajua, mama."

"Anajua nini?"

"Kapita alisema mbele yake, siku ya kwanza, palepale ofisini. 'Mama yake mwenyewe alikuja kutuambia.' Kapita alituelezea hapa, alikuwa anacheka."

Nilishika nguzo ya veranda. Siku ya kwanza. Basi alikuwa anajua kila mara aliponyoosha mkono kupokea kikapu. Alikuwa anajua nilipomuuliza kama wanampiga, na alipunguza jibu ili nisiumie. Vidole vyake vilikuwa huru kwenye vyuma vile. Angeweza kuniuliza, na hakuniuliza.

Nikaketi kwenye kidaraja, miguu imezuia mlango.

Kulipambazuka. Makarani walianza kupita kwa baiskeli, wakanitazama, wakatazama mbele. Mwanga chini ya mlango ukazimwa kwa kuwa jua limetosha. Nilisikia vikombe, nikasikia watoto wakinyamazishwa. Saa moja iligonga katika kanisa la masista. "Cyprien," nikasema, "muda iko bado." Vikombe vilinyamaza.

Kutoka pale mpaka bandarini ni mwendo wa nusu saa. Ningeondoka wakati ule ningemwona akipanda, labda ningemgusa mkono. Nilifikiri jambo hilo, nikaliweka upande huu na upande ule. Kama ningeondoka, Cyprien angepata njia ya kupita, na hapo yangekwisha. Kama ningebaki, labda aibu ya kunikuta mlangoni ingemshinda. Nilichagua kubaki. Hata leo sijui kama nilichagua vizuri. Na mtu wa kuniambia yuko Opala, mwaka wa tatu sasa, na barua zake zinafika zimefunguliwa.

Boti ililia mara ya kwanza, ya kuwaita watu. Nikagonga mlango kwa kiganja, si kwa nguvu. Ndani mtu alisogeza kiti, akasimama, nikasikia viatu vizito vikija mpaka mlangoni, vikasimama. Tulikuwa karibu sana. Mbao tu zilikuwa kati yetu. Nilisikia anavyopumua.

"Mwanangu," nikasema. "Fungua."

Viatu havikusogea. Kisha boti ililia mara ya pili, mlio mrefu wa kuondoka, ukaenda ukipungua upande wa chini ya mto, kuelekea Yanonge.

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguliwa, na Cyprien akatoka katika suti yake ya kazi, kofia mkononi, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha msibani. Nyuma yake Marie-Jeanne alikuwa ameficha uso katika kitenge.

"Jambo, mama," Cyprien alisema.

Akaishika baiskeli yake iliyoegemea ukuta wa veranda, akasimama akingoja niondoe miguu yangu kwenye kidaraja ili aipitishe.